Kabla Hujanunua Betri ya Tatu

Mjukuu wangu unayebeba jina langu,

Nimesikia kwa mama yako kwamba betri ya karavani imekufa tena, na kwamba Jumamosi unapanda matatu kwenda Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, kutafuta nyingine. Sina ugomvi na Barabara ya Kirinyaga. Ni mtaa wa spea tangu ulipoitwa Grogan, na mtu mwenye macho hutoka pale na kitu kizuri. Ugomvi wangu ni na haraka yako. Hii ni betri ya pili kufa kwa muda mfupi, na betri mbili hazifi mfululizo kwa bahati mbaya. Kuna kitu kinaziua, nacho bado kimo ndani ya karavani kinangoja ya tatu. Ukikijua, hata betri ya bei ya kawaida itakutumikia. Usipokijua, nunua ya bei ghali kuliko zote dukani, na mwakani tutaongea maneno haya haya.

Tuanze na karavani yenyewe. Ile uliyoinunua Nanyuki ilikuwa ya watu wa likizo. Walioitengeneza huko Ulaya walimfikiria mtu anayelala ndani usiku mmoja au miwili, kisha anafika kambini anachomeka waya kwenye stima. Betri yake ilikuwa ya kuwasha taa jioni na kusukuma maji ya kuoshea vikombe. Wewe umeifanya hoteli. Unapika pilau ya pishori karibu na steji ya Wang'uru. Wakati wa mavuno unauza mpaka usiku, wanunuzi wa mpunga wakiwa bado wanapakia malori. Muhula ukifunguliwa unaivuta Kutus kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kirinyaga, na sasa unataka kupanda nayo mpaka Kabiru-ini kwenye maonyesho ya kilimo ya Nyeri. Friji ya nyama haizimwi usiku wala mchana. Kazi imebadilika kabisa, lakini waya, chaja na sanduku la betri ni vile vile vya mtu wa likizo.

Sasa toa hiyo iliyokufa uitazame. Mama yako anasema ubavuni imeandikwa N70. Kama ni kweli, basi ulinunua betri ya kuwashia gari. Betri ya namna hiyo ina sahani nyembamba za risasi, nyingi, zilizobanana, ili zitoe nguvu kubwa kwa sekunde chache stata inapozunguka. Gari likishawaka, altaneta inarudisha kilichotumika, na betri hukaa imejaa karibu siku zote za maisha yake. Ukiichukua ukailazimisha ilishe friji usiku kucha, sahani zile zinamomonyoka. Betri ya sola sahani zake ni nene. Haiwezi kuzungusha stata kwa kishindo, lakini inavumilia kutumika polepole na kujazwa tena kila siku. Muuzaji aliyekuuzia N70 kwa kazi ya friji hakukuibia, maana ni betri nzima kwa kazi yake. Hakukuuliza tu unaipeleka wapi, nawe hukumwambia.

Watu wa Mlima Kenya walilijua jambo hili kabla hujazaliwa. Miaka ya 1980, stima ilikuwa kitu cha mjini na cha misheni. Mtu aliyelipwa vizuri pesa za kahawa alinunua televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe pamoja na betri ya gari. Betri ilifungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, ikapelekwa sokoni kwa mwenye chaja, ikaachwa huko siku nzima na jina la mwenyewe limeandikwa juu yake kwa chaki. Asidi ilitoboa suruali nyingi za heshima. Jioni nyumba ilijaa majirani, na betri ilitumika mpaka picha ikaanza kunywea pande zote na watangazaji wakawa wembamba. Hapo ndipo watu walipokubali kwamba imekwisha. Mwenye pesa aliirudisha mjini kesho yake. Asiyekuwa nazo aliiacha tupu nyuma ya mlango mpaka mwisho wa mwezi. Mwaka 1984, Shule ya Sekondari ya Karamugi, upande wa Meru, iliwekewa paneli za sola na Mmarekani aliyeitwa Harold Burris, akishirikiana na mwalimu Mark Hankins, na kuanzia siku hizo mafundi wengi wa huku walijifunza kuichaji betri pale pale inapotumika, kila siku, badala ya kuibeba kwa baiskeli.

Shika hapo penye mlango, palipoachwa betri tupu. Televisheni haikuziua betri zile kama kungoja kulivyoziua. Betri ya risasi ikitumika, sahani zake hufunikwa na salfati laini. Ukiichaji mapema, salfati hiyo huyeyuka ikarudi kwenye asidi. Ikikaa siku nyingi inakuwa gamba gumu, na hakuna chaja itakayolibandua. Tena si lazima betri iwe tupu kabisa. Inayojazwa kila siku ikaishia robo tatu, isifike juu hata mara moja, nayo inaota gamba hilo kidogo kidogo. Mwenyewe hajui. Anaona taa zinawaka, kisha mwezi mmoja anaona zinazima saa tatu usiku, mwezi unaofuata saa mbili, mwishowe anasema betri za siku hizi ni bandia.

Bwawa la Thiba lilipofunguliwa mwaka 2022, kila mtu Mwea alizungumzia ukubwa wake. Lakini wewe umekulia kwenye majaruba, unajua kwamba bwawa linatoa kile kilichoingia kutoka mtoni na si zaidi. Basi kabla ya kuuliza betri yako iwe kubwa kiasi gani, uliza ni nini kinaingia ndani yake kwa siku.

Kuna njia tatu za kuchaji betri ya karavani, na nadhani kwako zote zina kasoro. Ya kwanza ni gari. Unavuta karavani kwa Hilux, na kuna waya unaotoka kwenye altaneta, unapita chini ya kitanda cha gari, unaingia kwenye plagi ya trela, unafika kwenye betri. Upime unene wake. Ukiwa ni waya wa milimita 2.5 kama ule wa soketi za nyumbani, na urefu wake ni mita 7 kwenda na nyingine 7 kurudi, ampea 10 zikipita humo karibu volti 1 nzima inapotelea njiani. Altaneta inatoa 14.2, betri inapata 13.2, na kwa 13.2 betri ya risasi haijai hata ukiendesha mpaka Isiolo. Waya wa milimita 16 ungepoteza chini ya volti 0.2. Hata hivyo, kutoka Wang'uru mpaka Kutus ni nusu saa ukipata foleni. Ampea 10 kwa nusu saa ni tano tu. Hizo friji inazimaliza kabla hujamaliza kuosha mchele. Gari lisaidie, lakini usilitegemee.

Njia ya pili ni stima, ile unayoomba kwa jirani wa duka. Hapa ndipo ningeweka pesa yangu kama ningekuwa mtu wa kamari. Betri ya risasi ya volti 12 inataka ipandishwe mpaka 14.4 hivi, ikae hapo saa kadhaa, ndipo ishushwe kwenye 13.6 ya kuitunza. Chaja nyingi za karavani za zamani zinatoa 13.6 au 13.8 mwanzo mpaka mwisho. Kwa mtu wa likizo, aliyechomeka waya wiki nzima, hiyo ilitosha. Kwako wewe unayechomeka kwa saa tatu halafu unahama, haitoshi. Nunua mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya mafundi, bei yake haifiki ya sahani kumi za pilau yako. Chaji ikiendelea, weka nyaya zake kwenye vichwa vya betri. Ukisoma 13.6 baada ya saa mbili, tatu, nne, umeshamkamata muuaji.

Njia ya tatu ni sola, ambayo huna. Nashangaa mtu anayefanya kazi Mwea, chini ya jua hili, hana hata paneli moja juu ya karavani. Lakini hilo tutalirudia baada ya hesabu.

Chukua daftari lile unaloandikia madeni ya wateja. Andika kila kitu kinachotumia betri, wati zake, na saa zinazotumika kwa siku. Nitakufanyia kwa kukisia, wewe usahihishe. Taa sita za LED, wati 5 kila moja, saa tano usiku, hizo ni 150. Friji ya kompresa ya volti 12, wati 45 inapozunguka, na kwa joto la Wang'uru itazunguka kama nusu ya siku, hizo ni 540. Pampu ya maji wati 40, nusu saa jumla, ni 20. Redio na simu za wateja wanaokuomba chaji huku wakingoja chakula, weka 90. Jumla ni 800 kwa siku. Gawanya kwa volti 12, unapata kama 67, yaani 67Ah kwa lugha ya duka. Ona friji ilivyomeza theluthi mbili ya kila kitu. Ukiiweka upande ambao jua la mchana haliupigi, ukaacha nafasi ya hewa nyuma yake na kubadilisha raba ya mlango iliyopasuka, utaokoa umeme mwingi kuliko utakaoupata kwa kununua betri kubwa. Wauzaji wa betri hawakuambii hilo, na sioni kwa nini wakuambie.

Sasa, betri ya risasi usiitumie zaidi ya nusu yake. Ya 100Ah ihesabu kama 50. Ukiishusha mpaka chini kila usiku, maisha yake yanakatika vipande. Kwa hiyo kwa 67 zako unahitaji ya 135 au zaidi, na dukani utakuta ya 150. Ya lithiamu inakubali kutumika asilimia 80 bila kunung'unika, kwa hiyo ya 100 inatosha. Na paneli? Jua la Mwea kwa siku nzuri hutoa kazi ya saa nne au tano kamili. Paneli za wati 200 zingetoa kama 800 kwa hesabu ya karatasi, lakini joto, vumbi la makapi ya mpunga na nyaya vyote vinakula fungu lao. Weka wati 300. Ukipanda Nyeri Julai au Agosti, wakati mlima hauonekani wiki nzima kwa mawingu, hata hizo 300 zitakupa nusu, kwa hiyo huko bado utahitaji stima na chaja nzuri.

Baada ya hapo ndipo uchague aina. Ya risasi yenye maji ndiyo ya bei nafuu, na kila fundi kuanzia Sagana mpaka Embu anaijua. Inataka uifungue kila mwezi uangalie maji, uongeze maji ya betri, si ya mfereji wala ya mvua, kwa sababu chumvi na uchafu ndani ya maji hayo huharibu sahani. Inapochajiwa inatoa hewa ya haidrojeni, na wewe una jiko la gesi linalowaka ndani ya chumba kimoja nayo. Haidrojeni ikichanganyika na hewa inalipuka kwa cheche ndogo tu. Betri ya maji isikae ndani ya karavani yako, mjukuu wangu. Ikae kwenye sanduku lake nje, mbele pale penye mkono wa kuvutia, lenye tundu la hewa juu, na lifungwe kwa mkanda wa chuma. Barabara za Tebere na Karaba mvua ikinyesha unazijua, na ule udongo mweusi ukikauka unakuwa kama ngazi. Betri inayorukaruka huvunjika sahani hata ikiwa mpya.

Ya risasi iliyofungwa, ya AGM au ya jeli, haitoi hewa kwa kawaida na haimwagi asidi ikiinama. Inagharimu zaidi, na ukiipandishia volti kupita kiasi inakauka bila njia ya kuiongezea maji. Kwa joto hili sijawahi kuipenda sana. Kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa kama nyuzi 10, betri yoyote ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake. Sanduku la bati juani Wang'uru saa nane mchana, hesabu mwenyewe. Lipake rangi nyeupe.

Halafu kuna lithiamu. Usichanganye majina, maana lithiamu ni nyingi. Unayoitaka ni ile ya fosfeti ya chuma, inayoandikwa LiFePO4, ambayo haishiki moto kwa urahisi kama zile za simu. Kemia hiyo ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990, na mzee huyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97, kwa hiyo nikikuandikia kuhusu betri katika umri wangu usicheke. Ya 100Ah ina uzito wa kilo 10 mpaka 13, wakati ya risasi ya ukubwa huo ni kilo 25 mpaka 30. Kwa trela hiyo ni faida ya kweli. Inachajiwa haraka, haidhuriki ikikaa nusu, na inahimili kujazwa na kutumika mara elfu mbili na zaidi, mahali ambapo ya risasi nzuri huhesabiwa kwa mamia.

Bei yake ya mwanzo itakuuma. Na ina masharti. Chaja yako ya zamani haitaifikisha inapotaka, ambapo ni 14.2 mpaka 14.6. Ukiiunganisha moja kwa moja kwenye altaneta ya Hilux itaivuta kwa tamaa, na gari likiwa limesimama kwenye foleni bila upepo altaneta inaweza kuungua. Kati yao panahitajika chaja ndogo ya kutoka gari hadi betri, ya ampea 20 au 30. Mita nayo haitakusaidia kujua imebaki kiasi gani, kwa sababu lithiamu hukaa kwenye volti 13 na kitu karibu safari nzima, kisha kidhibiti kilichomo ndani yake kinakata ghafla, taa zote zinazima, nawe una sufuria motoni na wateja kwenye foleni. Nunua kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Utasikia pia kwamba lithiamu haichajiwi kwenye baridi. Ni kweli, haichajiwi chini ya nyuzi 0, lakini hiyo ni shida ya watu wa Ulaya. Hata Nanyuki alfajiri ya Julai utavaa makoti mawili na betri itachaji.

Usikubali za kuokotezwa. Kuna vijana wanaofungua betri za kompyuta na za pikipiki za umeme, wanaziunganisha upya na kuzifunga kwa plastiki ya bluu. Zingine zinafanya kazi. Wewe unapika na gesi na unalala ndani ya karavani siku za maonyesho, kwa hiyo achana nazo. Na betri za pikipiki za kubadilishana nyingi si mali ya mwenye pikipiki, ni za kampuni, ukiikuta inauzwa uliza ilitoka wapi.

Ungeniuliza ningechagua ipi, ningekujibu hivi. Karavani hii ndiyo shamba lako na inafanya kazi kila siku. Ukiweza kukusanya pesa bila mkopo wa simu wa siku thelathini, nunua LiFePO4 ya 100Ah, lakini baada ya kubadilisha chaja, si kabla. Ukiwa huwezi, nunua ya sola ya maji ya 150Ah, paneli, na kidhibiti cha sola kinachofika 14.4, uiweke nje, na uweke akiba ya lithiamu taratibu. Betri mbili za risasi kando kwa kando pia ni sawa, mradi zinunuliwe siku moja, za aina moja. Usiunganishe mpya na ile uliyonayo. Ya zamani itaivuta mpya chini ndani ya miezi.

Dukani, sasa. Uliza tarehe iliyotengenezwa. Betri ya risasi iliyokaa kwenye rafu mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuota gamba nikuambialo. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango. Chukua risiti yenye tarehe, namba ya betri na muda wa dhamana, na umwambie muuzaji aandike kwamba ni kwa kazi ya sola, maana dhamana ya betri ya gari huishia pale wanapogundua ililisha friji. Pima volti kabla ya kulipa. Ya risasi iliyopumzika na kujaa husoma 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.2 iko nusu, na swali ni imekaa nusu kwa muda gani.

Kisha uipime uzito. Wewe uko Wang'uru, mizani iko kila duka la mchele. Ukinunua hapa au Embu, ipeleke kwa rafiki yako anayeuza pishori, weka gunia kwenye sahani ya mizani isije ikachafuka, uiweke juu. Risasi ni nzito na ndiyo inayobeba umeme. Hakuna njia ya kudanganya. Nimeona betri imeandikwa 100Ah kwa herufi kubwa za kijani, na mizani ikasema kilo 17. Hiyo ni N70 iliyovaa kibandiko cha sola. Muuzaji akikuzuia kuipima, umeshapata jibu.

Ukifika nayo nyumbani, usiifunge kwanza. Ichaji mpaka ijae, ipumzike usiku mmoja, pima. Kisha chukua balbu ya taa ya mbele ya gari, ile ya H4, unganisha upande wa wati 60. Inavuta ampea 5 hivi. Betri hupimwa kiwandani kwa saa 20, kwa hiyo ya 100Ah inapaswa kuilisha balbu ile saa 10 ikabaki nusu, na ya 150 saa 15. Washa jioni ukiwa nyumbani, angalia saa, usilale ukaisahau. Muda ukifika uizime, iache ipumzike saa mbili tatu, upime. Ya risasi ikisoma karibu 12.2, umepewa ulicholipia. Ikisoma 11.8, ndani yake mna nusu ya kilichoandikwa nje, na risiti ingali mpya mfukoni. Ichaji mara moja baada ya jaribio hilo. Kwa lithiamu fanya hivyo hivyo, lakini usome kile kipimo cha ampea, achana na volti.

Kufunga, mtafute fundi mwenye leseni ya kazi za sola kutoka EPRA, mamlaka ya nishati, kama hutaki kufanya mwenyewe. Ukifanya mwenyewe, vua saa na pete. Fyuzi ikae karibu na kichwa cha chanya, ndani ya kiganja kimoja, si kule ndani penye swichi, maana waya ukikwaruzika chini ya trela kati ya betri na fyuzi hakuna kitakachouzima. Hasi ndiyo inatolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Vichwa vipake grisi.

Imebaki hiyo iliyokufa. Wiki hii mtu wa vyuma chakavu atapita na mkokoteni wake akupe shilingi mia kadhaa, nawe utaona ni pesa za bure. Wanajua wanachonunua, risasi ina bei. Lakini hujui inakwenda kuyeyushiwa wapi. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri za zamani kwa miaka kadhaa mpaka 2014, na moshi na maji yake yaliingiza risasi kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na mwanawe akaugua, ndiye aliyeanza kupiga kelele, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikazunguka kwenye rufaa kwa miaka kadhaa baadaye. Risasi iliyokwisha kuingia mwilini mwa mtoto haitoki kwa hukumu.

Basi usiimwage asidi kwenye mfereji unaokwenda kwenye majaruba, na usimwachie mdogo wako aichezee. Iweke ndani ya beseni la plastiki, juu ya ubao, mahali pakavu. Siku ya kununua mpya uibebe. Maduka mengi ya betri hupokea ya zamani na kukupunguzia bei, kwa sababu viwanda vinavyozitengeneza upya huzinunua. Uliza kiasi wanachopunguza kabla ya kutaja ile unayotaka, bei ikishakubaliwa huna tena cha kushikilia. Wakikataa kuipokea, nenda duka la pili.